Chuma Ndani ya Soli

"Sweta," alisema mama. "Mwanangu analala kwenye saruji. Tumpelekee sweta, mjadala umekwisha."

Mjadala haukuwa umekwisha. Ulianza asubuhi, mama akikamua nguo za watu kwenye beseni kwa nguvu utadhani ndizo zilizomfunga mtoto wake. Rumande walikuwa wametangaza kwamba kwa ajili ya Krismasi kila mahabusu ataruhusiwa kupokea zawadi moja kutoka nyumbani. Moja tu. Si sweta na sabuni, wala sabuni na mswaki. Hebu mfikirie mtu aliyekaa kitako akaitunga sheria hiyo, kisha akanywa chai yake akaridhika.

"Shati," alisema baba kutoka barazani, alikokuwa ameketi kwenye kigoda chake cha ufundi, nyundo mapajani. "Kesi yake inatajwa baada ya sikukuu. Asimame mbele ya hakimu kama mtu."

"Mzee, kesi hiyo imetajwa mara ngapi? Mara hakimu yuko likizo, mara mlalamikaji kasafiri, mara faili halionekani. Hilo shati la kuvalia kuambiwa arudi tena?"

Kijana wao alikuwa mpagazi. Gunia la sukari lilipotea kwenye ghala la tajiri mmoja sokoni, tajiri akanyoosha kidole kwa wapagazi wote, na askari wakawasomba wote kama takataka. Waliokuwa na watu wa kuwasemea walitoka siku ile ile. Yeye alikuwa na baba fundi viatu, mama anayefua nguo za watu, na mdogo wake wa kike. Basi akabaki. Hakuna aliyemwona na gunia wala aliyesema kamwona. Alibaki kwa sababu ilibidi abaki mtu.

Huyo mdogo wake alikuwa akivuta uzi kwenye nta. Kaka yake ndiye aliyempa jina la Sindano tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na jina likamganda hata wateja wakalijua.

"Viatu," alisema Sindano.

"Viatu anavyo," mama akadakia. "Alitoka hapa na viatu vyake miguuni."

"Hana, mama. Walimvua siku ya kwanza tu. Anatembea pekupeku. Kisigino kimepasuka, kimetunga usaha, kakifunga tambara. Wanapelekwa kuchimba mtaro na kisigino hicho hicho."

Mama aliiacha nguo ikazama kwenye maji. "Umejua lini?"

"Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho."

"Ukanificha! Mimi niliyemzaa!"

"Alinikataza. Alisema nikikwambia utakuja pale getini ufanye fujo, halafu wamshukie yeye."

Ni kweli mama angefanya fujo. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi nyeusi ambacho baba alikuwa amekihifadhi chini ya kitanda kwa ajili ya kazi ya maana ambayo haikuwahi kuja.

"Shoneni," alisema.

*

Zamani angeshona baba. Lakini mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na siku hizi alikuwa akibandika soli na kupiga misumari tu, huku akimsimamia binti yake kwa mdomo. Hii ndiyo ingekuwa jozi ya kwanza ya Sindano mwenyewe, kuanzia kukata ngozi mpaka kupiga rangi. Mguu wa kaka yake hakuhitaji kuupima. Aliujua jinsi alivyoujua mlango wa kwao: mpana mbele, dole gumba lililokwenda upande, na sasa kile kisigino. Nyuma aliacha nafasi, akaweka sponji ya kukumbatia kidonda.

"Vuta," baba alikuwa akisema. "Vuta, usiuonee huruma uzi. Unashona kiatu, hufumi kitambaa cha meza."

"Baba, nikivuta zaidi utakatika."

"Utakatika mdomo wako kwanza. Vuta."

Walicheka. Ndani ya nyumba ile kicheko kilikuwa kimeadimika, na mama aliposikia alisimama mlangoni akawatazama.

Ilipofika zamu ya soli, Sindano aliweka chuma. Kila fundi anayejiheshimu huweka: kipande chembamba, kirefu kama kidole, kinacholala kati ya soli ya ndani na ya nje, pale unyayo unapojikunja. Hakionekani. Bila hicho kiatu hulegea katikati, na anayesimama kutwa nzima huumwa mguu mpaka kiunoni. Baba alikata vipande viwili, akavinyoosha kwa nyundo, akampa. Wala haikuwapitia akilini, si yeye wala binti yake, kwamba kile ni chuma. Chuma ni nondo. Chuma ni kisu. Kile kilikuwa kiatu tu.

Vilipokwisha, baba alivishika kimoja kimoja, akavikunja, akavinusa, akapitisha kucha kwenye mshono. Sindano alisimama roho juu.

"Hivi," baba alisema, "hata mimi ningevivaa."

Mzee yule hakuwahi kumsifu mtu kwa maneno mengi kuliko hayo. Sindano aligeuka upande, akajifanya anatafuta brashi.

*

Siku moja kabla ya Krismasi foleni ya getini ilikwenda mpaka kona ya ukuta. Wanawake tupu, karibu wote, kila mmoja na kifurushi chake kimoja. Aliyekuwa akipokea zawadi ni askari ambaye wenye ndugu humo ndani walimbandika jina la Komeo, na hawakumwita hivyo mbele yake. Alichukua sabuni akaivunja vipande. Alichukua mkate akauchoma choma kwa bisibisi iliyokuwa na kutu. Bibi mmoja alimletea mjukuu wake taulo, Komeo akaikung'uta mpaka ikaanguka kwenye matope, akamrudishia.

"Ifue kwanza, bibi. Hapa hatupokei uchafu."

Bibi akasema ahsante. Ahsante! Pale getini watu walikuwa wamefundishwa kushukuru kwa lolote.

Zamu ya Sindano ilipofika, Komeo aliviona viatu akapiga mluzi. "Loo! Harusi hii? Au mtu wenu anakwenda ubalozini?"

"Ni viatu tu, afande."

Alivipitishia kifaa chake cha mkononi cha kunusa chuma. Kikalia. Akakipitisha tena, kikalia tena, na foleni nzima ikageuka. Ndipo Sindano alipokumbuka kile chuma cha ndani ya soli. Alifungua mdomo aeleze, lakini kisu kilikuwa kimeshaingia. Komeo alikipasua kiatu kwa kukiburuza kisu toka kidoleni mpaka kisiginoni, akachomoa kile chuma, akakiinua juu watu wakione. Akakipasua na cha pili.

"Tazameni wenyewe! Halafu mkishikwa mnasema mnaonewa."

"Afande, hicho ni chuma cha kiatu! Kila kiatu kinacho. Hata hicho chako ukikipasua utakikuta."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, nakuambia—"

"Kuingiza silaha gerezani. Kumsaidia mahabusu kutoroka. Hiyo ni kesi nyingine, mpya kabisa, na kaka yako sasa hivi anahamia selo ya giza mpaka itakapofunguliwa." Akapaza sauti ndani, akataja namba ya kaka yake kama mtu anayeagiza chai, na mwenzake akaondoka na funguo.

Namba. Mtu mzima, ana mama, ana jina alilopewa akiwa bado mwekundu kwa uchanga, halafu wanamwita kwa namba. Sindano alishika nondo za geti. Alitaka kulia, hasira ikamzuia.

Komeo alisubiri foleni ipungue. Kisha akamwita pembeni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ya kawaida tu, ya mtu anayesubiri kwenda nyumbani.

"Sikiliza, binti. Unafikiri mimi ni mtoto? Najua kila kiatu cha maana kina chuma. Najua hata hiki changu kinacho."

Sindano alimkodolea macho. "Sasa?"

"Sasa changu hakikuja kwa foleni. Chako kimekuja kwa foleni, kikalia mbele ya watu, siwezi kusema hakikulia." Alijikuna shingo. "Na mimi nikiiandikisha hii kesi, sikukuu yangu yote naimalizia hapa kwenye makaratasi. Nina watoto. Kwa hiyo tusaidiane. Mkuu wa zamu anaingia baada ya chakula. Baba yako si ndiye yule fundi viatu wa karibu na stendi? Kamlete. Kama viatu kavitengeneza yeye, chuma kakiweka kwa makusudi, na mwanawe kaoza. Lakini kama mmeuziwa barabarani na mtu msiyemjua, basi nyinyi ni washamba tu mliotapeliwa, na ushamba hauna kifungu cha sheria. Aseme mbele ya mkuu kwamba hiyo si kazi yake. Tunafunga, kaka yako anarudi kwa wenzake, kila mtu anakula sikukuu."

"Unajua hakuna kosa, na bado umemtia gizani."

"Nimekupa njia," alisema Komeo, kachukia kwamba hashukuriwi. "Ukitaka, ipite. Hutaki, acha."

*

"Sisemi," alisema baba.

Alikuwa amesimama barazani na aproni yake.

"Unasema!" Mama alimjia usoni. "Utasema, tena utakwenda sasa hivi. Mwanangu yuko gizani kwa ajili ya huo ufundi wenu. Mlishindwa nini kushona kiatu bila hilo lichuma? Aah? Ndiyo maana nilisema sweta! Sweta lina chuma gani?"

"Mama—" Sindano alianza.

"Nyamaza! Na wewe nyamaza! Wawili nyinyi mmekaa hapa mnachekeana, mnashona silaha!"

"Usiseme silaha," baba alisema polepole. "Usinisemee maneno yao ndani ya nyumba yangu."

"Basi nenda ukawaambie hivyo wao! Huwezi. Ukali wako wote ni wa hapa barazani." Mama alivuta pumzi, na sauti ikamvunjika. "Soli yako na mwanao, mzee. Chagua."

Majirani walikuwa wametoka milangoni na hawakujifanya kwamba hawasikii. Baba aliwatazama, akautazama ukuta alipokuwa amechora kiatu kwa rangi nyekundu miaka mingi iliyopita, na ambao ndio ulikuwa kibao chake.

"Sijawahi kukana kiatu kilichotoka hapa," alisema. "Hata kibovu. Mtu akirudi nacho, nasema ndiyo, ni changu, lete nirekebishe. Lakini mnadhani hilo ndilo linalonikaba? Ningekikana cha kwangu hata kumi. Hiki si changu." Akamgeukia Sindano. "Ni chako. Cha kwanza. Unataka nikasimame mbele ya wale watu nikitukane?"

Hilo mama hakuwa amelifikiria.

Sindano alikuwa amekausha macho. Tangu getini alikuwa akiwaza kitu kimoja tu, kile kisigino, gizani, kwenye sakafu yenye majimaji.

"Kikane, baba," alisema. "Tena kikane vizuri."

*

Mkuu wa zamu alikuwa mwanamke mmoja mnene, msafi, mwenye sauti ya upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele za Komeo. Viatu vilikuwa mezani kwake, vimepasuliwa, soli zimening'inia. Vile vyuma viwili alikuwa amevilaza juu ya karatasi nyeupe.

"Karibuni. Mzee, nimeambiwa wewe ni fundi. Umetengeneza wewe viatu hivi?"

"Hapana, afande."

"Hebu vishike. Viangalie kifundi. Usiseme haraka haraka, nikaja kuona umenidanganya."

Baba alikichukua kiatu cha kulia. Aliupitisha ukucha kwenye mshono vile vile kama alivyoupitisha nyumbani. Sindano alitazama sakafu.

"Hii si kazi ya fundi," baba alisema. "Tazama hapa, afande. Mshono umekwenda kama njia ya mlevi. Huyu aliyeshona hajui hata kushika sindano. Ngozi kaikata vibaya, kaona imezidi huku nyuma akajazia sponji kuficha aibu. Na hiki chuma kaweka kwa sababu kaona wenzake wanaweka. Hajui cha kufanya. Mtu kama huyu akija kwangu kuomba kazi namfukuza na kigoda."

Komeo alicheka. Mkuu wa zamu naye akatabasamu. Na baba, Mungu amsamehe, alicheka pamoja nao, kicheko kidogo cha mtu aliyewaelewesha wakubwa jambo. Mama aliikamata kanga yake kwa mikono miwili akaikamua, kavu hivyo hivyo.

"Na wewe binti," mkuu alisema, "mtoto wa fundi mzima, ukaenda kununua takataka kama hii?"

"Nilidanganywa, afande."

"Uwe unauliza. Baba yako yupo, unakwenda kuhangaika barabarani. Vijana wa siku hizi bwana." Alivifungia vyuma kwenye droo, akavisukuma viatu mpaka ukingoni mwa meza. "Ondoeni hii. Mtoeni yule kijana arudi kwa wenzake. Wala hatuandiki kitu, ni sikukuu."

"Ahsante, afande," alisema mama. Mama huyu huyu. Ikamtoka tu.

"Na zawadi yake?" Sindano aliuliza.

"Zawadi ni moja," Komeo alisema, "na imeshaletwa, ikakataliwa."

"Mwachie," mkuu alisema kwa ule upole wake. "Kama ana kitu hapa hapa, apokee. Asije kusema sisi hatuna utu."

Kitu gani hapo? Mikononi hawakuwa na kitu. Sindano aliinama, akavua ndara zake za plastiki, za njano, akaziweka mezani. Komeo alizikunja, akazibana, akazipitishia kile kifaa. Hakikulia. Akamkubalia kwa kichwa.

Walimwona kijana wao kupitia wavu kwa dakika moja hivi. Alikuja akijishika ukutani, akifinya macho kwa mwanga, zile ndara zikiwa zimemwishia katikati ya unyayo, na kisigino chenye tambara kimetoka chote nje kinakanyaga sakafu. Juu ya jicho alikuwa na uvimbe mpya. Mama alianza kumwita, majina yote ya utotoni, moja baada ya jingine.

"Mbona mnaniletea ndara za mtoto?" alijaribu kutania. "Sindano, uko peku? Waliniambia ni viatu. Viatu viko wapi?"

Komeo alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, anasikiliza.

"Vilikuwa vibovu, mwanangu," baba alisema. "Havikufaa."

Kijana alimtazama baba yake, akamtazama mdogo wake, akaviona vile viatu vilivyoning'inia mkononi mwa mama. Kabeba mizigo tangu ujana wake, lakini kakulia kwenye baraza la fundi. Mshono ule aliutambua.

"Sawa, baba," alisema. "Havikufaa."

*

Walirudi kwa miguu, Sindano pekupeku kwenye kokoto, mtoto wa fundi viatu. Watu wa mtaani walimwona, hakuna aliyethubutu kumtania. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye beseni lake, maana nguo za watu zilitakiwa kesho, na Krismasi ya wenye nguo ilikuwa inasubiri.

Baba aliketi kwenye kigoda. Aliviweka vile viatu vilivyopasuliwa mbele yake.

"Nimewafurahisha," alisema. "Uliniona? Nimecheka nao."

"Nilikuona, baba."

"Kumbe naweza. Sikujua kama naweza." Alipiga goti lake ngumi, mara moja, kwa nguvu. "Mshono kama ule! Wanawaibia watoto wa watu viatu miguuni, halafu mimi nasimama pale nawachekesha! Nimeutukana mkono wa mwanangu nikawachekesha mbwa wale!"

Hakuna aliyemtuliza. Sindano hakutaka atulie. Na yeye alikuwa na hasira hiyo hiyo, imemkaa kifuani toka getini, na hakuwa na mahali pa kuipeleka.

"Vinashoneka?" baba aliuliza.

Sindano aliinua kimoja, akapima mpasuko kwa kidole. "Ngozi haikuguswa. Ni soli tu. Vinashoneka." Akasita. "Lakini vyuma wamevifungia. Na sisi vingine hatuna."

Baba alivua viatu vyake. Vilikuwa ni vya zamani, alivyojishonea mwenyewe siku alizokuwa na mikono, na alikuwa akivivaa kanisani, msibani na mahakamani. Alichukua kisu, akakipasua cha kwanza toka kidoleni mpaka kisiginoni. Akakipasua na cha pili. Akavichomoa vile vyuma, akavifuta kwenye aproni, akamkabidhi binti yake.

"Weka," alisema. "Siku ya kutoka, atatoka na hivi. Atapita navyo kwenye geti lile lile, na kile kifaa chao kilie mpaka kichoke."

Sindano aliupitisha uzi kwenye nta.

"Na safari hii," baba alisema, miguu yake mitupu juu ya saruji ya baraza, "vuta. Usiuonee huruma."